Mkono Pembeni mwa Picha

Katika familia yetu, aliyesoma informatique ndiye anayerekebisha télécommande ya televisheni, redio na simu iliyoanguka ndani ya maji. Kwa hiyo tonton Edouard, ndugu ya baba, hakuniomba nitengeneze kitabu cha misa ya koko, aliniarifu tu. Koko Rosette, mama yake baba yangu, alikuwa ametimiza mwaka tangu tumzike huko Katana, na kwetu Bukavu misa ya mwaka bila kitabu chenye picha ni aibu ya ukoo mzima. Huwa kuna nyimbo, masomo, kisha kurasa mbili za mwisho: ukurasa wa familia iliyobaki, na ukurasa wa waliotangulia.

Vitabu hivi navitengeneza kwa LaTeX. Wenzangu huburuta picha kwa kipanya wakamaliza. Mimi naandika amri kwa maneno, halafu programu inapanga ukurasa yenyewe, au inanigomea na kunionyesha mstari niliokosea. Napenda kugombezwa na kitu chenye sababu, maana nyumbani nagombezwa bure. Nilijitungia amri mbili za picha. Ya kwanza niliiita hai: picha inabaki na rangi zake na pembe zake nne, na kivuli chepesi chini yake. Ya pili niliiita marehemu: rangi zinaondoka, uso unabaki ndani ya duara, na kingo zinafifia taratibu mpaka zinakuwa weupe wa karatasi. Mtu yeyote wa hapa anajua kuzisoma. Akifunua kitabu akaona kingo zimefifia, anafanya ishara ya msalaba kabla hajasoma jina.

Ugomvi ulikuwa juu ya picha ya mdogo wangu, Murhula. Wakati watu walipokuwa wanakimbia mji kwa sababu ya vita, alipanda gari la kwenda Uvira. Alitupigia akiwa Sange, akasema barabara imechafuka, atapiga tena. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

"Hii mambo ya Murhula tutaificha mpaka lini?" tonton aliuliza, amekaa sebuleni kwetu na kofia yake mapajani. "Batu wakiona picha ya rangi watauliza iko wapi. Umuweke na bale ba marehemu, na yeye apate misa."

"Nani alionaka mwili yake?" Mama alikuwa anachambua maharagi na hakuinua kichwa.

"Maman Priscille, hata baba yake angekuwako angesema vile."

"Hayuko. Basi usimusemee." Kisha akanigeukia mimi. "Mutoto wangu unamutia kwenye rangi."

Kusema kweli, nilikuwa upande wa tonton, na nilimchukia kwa kunitangulia kusema. Nikajifanya mwerevu. Nilitunga amri ya tatu, ya katikati: rangi nusu, kingo zikiwa kamili. Niliona nimewaridhisha wote wawili. Mama akainama mbele ya skrini, akatazama.

"Mbona umemufanya kama mutu mwenye iko na malaria?"

Nikaifuta, nikarudisha hai. Picha yenyewe ilikuwa ya kando ya ziwa, siku Murhula alipopata diploma. Amevaa shati la bluu na anacheka na mtu asiyeonekana. Mama alikuwa amesimama karibu naye, ila nilimkata ili mwanawe abaki peke yake, na kilichobaki cha mama ni mkono tu, juu ya bega lake.

Mama alikuwa na desturi. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, anapiga namba ya Murhula, anasikiliza yule mwanamke wa kwenye mashine hadi amalize, ndipo anatia sukari. Hatukuwahi kuzungumza jambo hilo. Asubuhi niliyopanga kupeleka kitabu kichapishwe, nilimsikia ananiita kutoka jikoni.

"Priscille, kuya. Iko inasonner."

Simu ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa sauti, na kweli ilikuwa inaita. Nikamshika mama mkono. Niliamini, siwezi kudanganya. Niliamini mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumtukania Murhula kwa kututesa hivi.

"Allô?" Alikuwa mwanamke.

"Umupatie Murhula simu," mama akasema.

"Murhula gani, maman? Hii namba ni yangu. Niliinunuaka juzi hapa Kavumu, ni mupya."

Mama akamwuliza tena, na tena, na yule mwanamke akajibu kila mara bila kuchoka. Mwishoni akasema, "Pole, maman," na hakukata mpaka sisi tulipokata. Afadhali angetutukana. Nilimweleza mama kwamba namba ikilala muda mrefu bila mtu kuitumia, wanaiuza upya kwa mwingine. Alitikisa kichwa kukubali, lakini chai hakuigusa. Mchana niliangalia WhatsApp. Palipokuwa na uso wa Murhula na kofia yake nyekundu, palikuwa na beseni la nyanya.

Mama akaja akavuta kiti karibu na mashine yangu.

"Umufanye kama bale bengine," akasema.

Ni neno moja tu la kubadilisha. Nikafuta hai, nikaandika marehemu, nikaagiza ukurasa upangwe. Shati la bluu likawa la kijivu. Kingo zikafifia, na weupe ukaja hadi shingoni mwake.

"Mukono yangu iko wapi?"

"Effet inakula pembeni, maman. Ulikuwa pembeni."

"Uurudishe."

Sasa, kwenye ukurasa wa wafu hatuweki kiungo chochote cha mtu aliye hai. Tunakata mabega, tunakata vidole, hata unywele wa jirani. Watu husema anayeonekana pale anaitwa. Ukiwauliza, wote wanasema ni upuuzi, na sijaona hata mmoja aliyethubutu kuacha.

"Maman, ile page ni ya ba marehemu. Tonton atakataa kitabu mbele ya padri."

"Akatae."

"Na mimi sitaki."

Alikuwa anamtazama kijana wake kwenye skrini.

"Murhula hazoeaka kwenda mahali peke yake," akasema. "Acha mukono."

Nikapanua duara. Nikasogeza kitovu chake kuelekea begani, nikabonyeza, na nikaomba, mimi nisiyeomba hata kanisani, kwamba programu inigomee. Hunigomea kwa mabano yaliyosahaulika, kwa alama ndogo isiyoonekana. Nilitaka inionyeshe mstari mwekundu nimwambie mama haiwezekani.

Haikupata kosa lolote. Ukurasa ulitokea, na mkono wa mama ulikuwa pale begani, wa kijivu kama yeye, na kuanzia kwenye kiwiko ulikuwa unaingia kwenye weupe.

"Ndio vile," mama akasema.