Buni Mbili za Ganda Moja

Cha, cha, cha-cha. Nilimsikia Salme kabla sijamwona. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati wa ghala la Bwana Girish, karibu na bandari ya Kisumu, na ndani wanawake walikuwa wakipepeta buni zilizoshuka kutoka mlimani. Nyungo nyingine zilikuwa zikikoroma tu. Ungo mmoja ulikuwa na mizani. Mashairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu silabi kwa vidole huku nikibeba magunia, na sikio langu halinidanganyi. Nikazunguka mlangoni nimwone mwenye ungo ule.

"Jawer amekuja!" akacheka mama mmoja wa Kijaluo. Ndivyo walivyoniita, mwimbaji. "Leo utatuimbia, au umekuja kutuibia binti wa watu?"

"Nikiiba nitaiba mchana, Mama."

Salme hakuinua macho, lakini ungo wake ulikosa pigo moja.

Alikuwa akikaa mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Kisumu, kwa shangazi yake, Bi Swaumu. Baba yake, Mzee Kigongo, alikuwa Muganda aliyehamia Mlima Elgon zamani na kupanda mibuni chini ya migomba. Salme alinisimulia kwamba mlima ule uliwahi kutapika moto, na udongo wake hadi leo ni mzito, mwekundu, unakushika miguu kama hautaki uondoke. Siku moja alinipasulia tunda bivu. Ndani mlikuwa na buni mbili zimelala uso kwa uso. Usiku huo huo nikatunga:

*Mimi nawe buni mbili, tumelala ganda moja,*
*Uso kwa uso kwa kweli, wa kututenga si mja.*

Mzee Kigongo aliposhuka na mavuno yake, tukapanga posa. Baba yangu, Mzee Feruzi, aliyekuwa mchukuzi wa misafara enzi za ujana wake, ndiye angesema. Lakini mguu wake mbovu ulimchelewesha njiani, na mimi kungoja sikuweza. Nikatangulia peke yangu hadi kwa Bi Swaumu.

"Umeona wapi mposaji anajileta mwenyewe?" Bi Swaumu akafoka. "Huna wazee?"

"Wako njiani. Ulimi ninao."

Mzee Kigongo akacheka. Akanisogezea kisahani cha buni zilizochemshwa, za kutafuna, kama wafanyavyo kwao mgeni akija. "Sema basi, kijana. Tuusikie huo ulimi."

Nikasimama, kifua mbele, nikaughani ubeti wangu. Nilipomaliza, yule mzee alikuwa ameacha kutafuna.

"Maneno hayo amekupa nani?"

"Sikupewa. Nimetunga."

"Kwetu hayatungwi," akasema. "Yanaliwa."

Akainua kanzu yake kidogo, akanionyesha kovu dogo kando ya kitovu. Akaeleza kwamba wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu hupasua tunda moja la kahawa. Kila mmoja hujichanja kando ya kitovu, huchovya buni yake katika damu hiyo, na mwenzake akaimeza. Tangu hapo ni ndugu, na watoto wao ni ndugu, hawaoani.

"Mimi nilikula na mtu mmoja tu maishani. Mchukuzi mgonjwa, msafara wake ulimwacha mlimani afe. Akiitwa Feruzi."

Kovu kama lile nilikuwa nimeliona tangu utoto. Baba aliniambia ni mwiba.

Mkongojo ukagonga kizingitini. Baba akaingia, akamtazama mwenyeji wake, mkongojo ukaanguka.

"Kigongo! Jina nililisikia, nikadhani ni mwingine. Nilidhani umekufa!"

"Wewe ndiye uliyekuwa unakufa, mjinga wewe!"

Wakashikana shingoni, wakalia, wakacheka. Sijawahi kumwona baba akifurahi vile. Na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye dakika ile. Kisha macho yake yakaniangukia, akakumbuka kilichomleta, na furaha ikamtoka usoni polepole.

"Dini haikatazi!" nikapiga kelele. "Sheikh yeyote atatuozesha!"

"Haikatazi, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa maiti. Huyu aliapa, nikaapa, akanibeba mgongoni. Wewe mwenyewe umezaliwa kwa sababu ya kiapo hicho. Nikivunje kwa mdomo upi?"

Nikatoka uani. Salme alikuwa huko, amesikia yote. Nikamwambia tutoroke, twende Port Victoria, hakuna atujuaye.

"Na wazee?"

"Watazoea."

"Baba anaamini buni ile itamvimbia tumboni siku tutakayokivunja kiapo. Akikohoa tu, nitajua ni mimi."

"Wewe unaamini hayo?"

"Mimi naamini kwamba yeye anaamini." Akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Usiniombe tena, Badru. Ukiniomba tena nitakubali, halafu nitakuchukia."

Sikuomba tena.

Asubuhi iliyofuata lori la kurudi mlimani lilikuwa likinguruma mbele ya ghala. Mzee Kigongo aliketi mbele na dereva. Salme alikuwa juu ya magunia matupu, ungo wake mapajani. Ndani wanawake walikuwa wameanza kupepeta, na hakuna aliyenitania.

"Kwetu bwana akija kuoa," Salme akasema bila kunitazama, "kaka wa binti ndiye humpokea mlangoni, ndiye humkabidhi. Mimi sina kaka mwingine."

Lori likaanza kusogea. Nikalifuata nimeshika ubao wake, na neno ambalo sikuwahi kumwita likanitoka.

"Nitakuja, dada yangu!" nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Siku hiyo nitasimama mlangoni na kanzu safi, nitampokea, nitakukabidhi. Na ubeti ule, Salme, hautasikiwa na mwanamke mwingine."