Kebo ya Nyaya Saba

Apolinari hakunitambua. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikamwomba Mungu huyo huyo anisamehe kwa niliyokusudia kufanya.

Alinipigia simu Mpanda mjini, ninakotengeneza kompyuta, akaniita Mama Pacifique kama waniitavyo wateja wote. Yeye ni katibu wa ushirika wa wakulima kule Mishamo, makazi ya watu waliotoka Burundi. Watu wa hati za mashamba walitaka orodha ya mwanzo ya waliogawiwa, na orodha hiyo ilikuwa imebaki ndani ya kompyuta moja kuukuu tu. Daftari la karatasi, alisema, lililiwa na mchwa. Mchwa wa Apolinari wanajua kusoma, maana walichagua kurasa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili baba yangu Melkiadi alipofariki. Tulimzika ndani ya shamba letu, namba 217, nalo likaandikwa jina la mama. Mwaka uliofuata mama yangu Libérate alilazwa Mpanda miezi minane, nami nikimuuguza. Tuliporudi tulikuta shamba limekuwa la Apolinari. Msalaba haupo, ni mihogo tu, mistari imenyooka. Mama aliuliza kaburi liko wapi, Apolinari akamjibu, "Kaburi gani? Nyie hapa hamjawahi kuwa na shamba. Leteni ushahidi." Mwaka wa kumi na tisa huu mama anamwombea mumewe bila kujua amelala wapi. Mimi nilishindwa kuomba, nikajifunza ufundi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa stoo, imefunikwa kitenge. Tundu la flashi haina, na disketi zilishaota ukungu. Njia iliyobaki ilikuwa tundu la pini tisa kule nyuma, na laptop yangu nene ya zamani ambayo nayo bado inalo. Fundi mvivu huunga nyaya tatu tu, na akiongeza kasi herufi zinamwagika njiani. Mimi huunga saba, kwa sababu lazima kuwe na waya wa kusema "leta" na waya wa kusema "ngoja kwanza". Orodha hutumwa vipande vipande, kila kipande na hesabu yake. Upande unaopokea ukiona hesabu haikubali, kipande hicho hurudiwa mpaka kifike kizima. Natamani na watu wangeumbwa hivyo.

Kule Mishamo orodha isiyosomwa mbele za watu haiaminiki, iwe ya mbegu au ya vyandarua. Kwa hiyo tulibeba mashine zote mbili mpaka ghala la mahindi, mchana, wanachama wakiwa wamejaa kwenye mabenchi. Mama yangu, niliyekuja naye, alikaa katikati ya wanawake, amejitanda kitenge kichwani. Apolinari hana tabia ya kuwatazama wanawake wazee.

"We soma tu, fundi," aliniambia, na soda akanifungulia mwenyewe.

Majina yakaanza kuingia kwenye laptop, nami nikayasoma kwa sauti. Mwenye jina aliitika "Nipo!" Aliyefariki, watoto wake waliitika "Tupo!" Mia mbili kumi na sita, mzee Celestin, akaitika. 

"Mia mbili kumi na saba. Libérate, mjane wa Melkiadi."

 Kutoka benchi la wanawake, sauti ya mama yangu: "Nipo."

Apolinari aliruka, akaing'oa kebo. "Mashine mbovu hii! Inaongopa!"

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu nivae sare za shule, kwa hiyo sikuwa na haraka. Niliokota kebo, nikaichomeka, nikakaza skrubu zake mbili. Utumaji ukaendelea kuanzia kipande kilichokatika. Jina likaja tena lile lile, na mia mbili kumi na nane nyuma yake.

"Haiwezekani!" Apolinari alipiga kelele. "Nilimwambia karani abadilishe, nikasimama mgongoni kwake! Jina langu nililiona pale kwenye kioo kwa macho yangu haya!"

 Nikamuuliza taratibu, "Halafu mkafanyaje, katibu?"

"Nikakimbilia kuzima jenereta. Si tulikuwa tunabana petroli?"

"Kabla karani hajasevu."

Nikawageukia watu, nikawaeleza kwamba kinachoonekana kwenye kioo kisipohifadhiwa hufa na umeme. Walioelewa wakawaeleza wenzao kwa Kirundi. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mzee Celestin alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka, nilikuwa nauonja utamu wake polepole.

Mwenyekiti wa ushirika alimvua ukatibu hapo hapo. Apolinari akaja kupiga magoti mbele ya mama. "Dada Libérate, nisamehe. Chukua shamba lako, na mihogo yote chukua."

"Mihogo sitaki," mama alisema. "Nionyeshe alipolala."

 "Sikumbuki. Nilipitisha ng'ombe na plau."

"Basi tafuta."

Kesho yake asubuhi alikuwa shambani na jembe, aking'oa mihogo shina kwa shina, akisaka mawe matatu tuliyoyafukia kichwani kwa baba. Heka mbili na nusu. Mama alikaa kwenye kigoda chini ya mwavuli. Saa sita jembe liligonga jiwe, Apolinari akainua uso kwa matumaini. Lilikuwa jiwe tu. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Jeannine," aliniita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kulitamka jina langu, "niombee kwa mama yako nipumzike."

Miaka yote nilidhani siku hii ikifika nitamhurumia. Nilijitafuta huruma ndani kwa ndani, sikuipata. Nilimpa maji, maana mtu aliyezimia halimi.

"Mstari unaofuata," nikamwambia.

Mama akasogeza kigoda chake mbele kidogo, akakaa.