Bi Pindo na Dawa ya Moshi

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, na jina hilo alibandikwa na wateja kwa sababu pindo la nguo aliyoishona yeye halikuwahi kufumuka. Asubuhi hiyo aliacha cherehani yake imefunikwa, akapanda lori aliloendesha mkwewe kwenda kumwona bintiye aliyejifungua mtoto wa kwanza.

"Mama, uhangaike na mabasi ya nini?" mkwewe alikuwa amemwambia. "Mzigo wangu unashuka mji huohuo. Twende wote."

Lori lilikuwa refu, lenye tela, na kiti chake kiko juu kiasi kwamba Bi Pindo alipita akichungulia ndani ya nyua za watu, anaona nani kaanika nini. Alifurahi kama mtoto. Kilichomkera ni kimoja tu: kukaa bure. Mkwewe alikuwa na heshima iliyopitiliza. Bi Pindo akitaka kumshikia chupa ya maji, "Acha mama, usijisumbue." Akitaka kufuta vumbi la kioo, "Tulia mama, pumzika." Kufika saa nne, Bi Pindo alijiona kama kifurushi kilichofungwa mkanda.

Ndipo taa ndogo ya njano ikawaka mbele ya usukani.

"Na hiyo je, baba?"

"Dawa ya moshi hiyo, mama. Adiblu. Inasafisha moshi kabla haujatoka nje. Ikiisha kabisa, gari linagoma, linatambaa kama konokono. Tutaongeza hapo mbele."

Wakaingia kwenye kituo cha malori. Mhudumu wa pampu alitia dizeli kiasi, akaegesha mfuniko wa tangi bila kuufunga, akakimbilia lori lililokuwa likipiga honi upande wa pili. Mkwe akanunua dumu la adiblu, akaliweka chini kando ya gurudumu.

"Naingia msalani mara moja, mama. Nikirudi natia hii, tunaondoka."

Bi Pindo akateremka kunyoosha miguu. Akalitazama dumu. Akalitazama tangi. Akili yake ikapiga hesabu ya haraka: dawa ni ya moshi, moshi unatoka kwenye dizeli, sasa dawa itiwe wapi kama si kwenye dizeli? Na mlango wenyewe upo wazi! Mikono iliyobeba majora ya vitambaa miaka yote haikushindwa na dumu. Akaliinua, akamimina lote, taratibu, hata tone halikudondoka. Akafunga mfuniko kwa nguvu, akalitupa dumu tupu pipani, akapanda kitini, akakaa mkao wa mtu aliyefanya jambo.

Mkwe akarudi anapiga mluzi. Hakuliona dumu, akadhani mhudumu amelisogeza. Akapanda kuchukua glavu zake.

"Washa tu, baba," Bi Pindo akasema akitabasamu. "Dawa nimeshatia."

"Ah, mama! Umekiona wapi kile kifuniko cha buluu? Kimejificha nyuma ya ngazi."

"Buluu? Mimi nimetia pale kwenye tangi. Lile kubwa."

Mkwe alikuwa ameshashika ufunguo. Mkono ukasimama. Akauchomoa taratibu, akauweka mfukoni, akafumba macho.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "asante kwa kuniambia."

Bi Pindo akaelewa kwamba ameharibu. Moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili.

Fundi wa kituo akaja, akainama, akasikia kisa, akacheka hadi akashika gurudumu. Kisha akawaeleza: kama injini ingewashwa, ile dawa ingevutwa hadi kwenye pampu ya injini na nozeli zinazonyunyiza dizeli, na hapo ndipo kilio. Kwa kuwa haikuwashwa, kazi ni kumwaga tangi lote, kulisafisha na kujaza upya. "Mtashinda hapa, lakini gari ni zima."

Simu ikaita. Alikuwa tajiri wa gari, aliyefuatilia safari kwenye simu yake, na sauti yake ilisikika bila kubandika sikio.

"Umesimama kwa nini?"

"Ni mimi, bosi. Nimepitiwa. Nimetia adiblu kwenye tangi la dizeli."

"Umepitiwa? Miaka yote hiyo barabarani unapitiwa kama..."

Bi Pindo hakungoja amalize. Akainyakua ile simu.

"Hebu punguza sauti! Huyo unayemfokea ni mwanangu. Aliyetia ni mimi, mama mkwe wake."

Sauti ikarudi, imelainika: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilitaka kusaidia, nikaharibu. Nisamehe mimi, yeye muache."

"Ulimwambia kabla hajawasha?"

"Nilimwambia, ndiyo. Lakini sikuwa naungama, nilikuwa najisifu."

Tajiri akaangua kicheko kilichowafikia hadi wahudumu wa pampu. "Basi endelea kujisifu, mama. Umeniokolea injini."

Mkwe alikuwa amegeuka upande, mabega yanatikisika. Bi Pindo akadhani analia. Alipomzungukia, akamkuta anacheka, machozi yanamtoka, na yeye akashindwa kujizuia. Wakacheka pamoja, wameegemea lori. Heshima ile iliyopitiliza ikayeyuka hapohapo.

Wakati tangi likimwagwa, Bi Pindo aliona ovaroli ya fundi imechanika kwapani. Akatoa sindano na uzi mkobani. "Vua nikushonee, utaingiwa na baridi." Fundi akabaki na fulana. Dereva mmoja akaleta pazia la kitanda cha lori, mwingine koti lisilo na zipu. Bi Pindo akakalia tairi kuukuu, anashona na kupiga soga, anasimulia kosa lake kwa kila anayefika, na kila mara likinoga zaidi.

Alasiri tangi likajazwa dizeli safi. Mkwe akaja na dumu jipya la adiblu. Bi Pindo akarudi nyuma.

"Mimi tena? Thubutu!"

"Njoo, mama. Nakushikia mrija, mimina wewe."

Akamwongoza nyuma ya ngazi, akafungua kifuniko cha buluu, akafuta chembe nyeupe zilizoganda kama chumvi mdomoni mwa tangi dogo la dawa. Bi Pindo akamimina, ulimi nje kama anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Walipowasha, taa ya njano ilizimika, na akapiga makofi.

Walifika jua likielekea kuzama. Binti akafungua mlango, mtoto kifuani, akamnusa mama yake.

"Mama, mbona unanuka dizeli?"

"Nawa mikono kwanza, mama," mkwe akawahi. "Hadithi hii ni ndefu, na mimi ndiye nitakayeianza."

"Wewe utaiharibu," Bi Pindo akasema, akielekea bombani. "Hukuwepo nilipomimina."