Glavu za Jumatatu

Silikoni ya povu haitaki mtu wa hasira za karibu, nami Chesang ndizo nilizojaliwa. Unapangusa kalibu, lile umbo la kumiminia, unakoroga kopo A na kopo B nusu dakika, unamimina upesi. Ikikubali, inaumuka kama mandazi na kuwa mto laini.

Siku hiyo ilikataa mara mbili. Mto ulitoka unanata pembeni, ukachanika mkononi.

Mwalimu Nyongesa alikuwa kwenye benchi ya karakana yangu hapa Kitale, mguu wake wa bandia kando. Mto unaokinga kigutu chake ulikuwa umekwisha kabisa. Kesho yake angempeleka binti yake Emmy madhabahuni, kule Bungoma, na alikuwa ameapa kutoingia kanisani kwa magongo. Silikoni iliyobaki ilitosha mara moja tu.

"Umepima vibaya, Wekoye!" nikamfokea fundi aliyefanya kazi nami miaka sita. "Toka!"

"Madam, mizani iko sawa. Si nilikuambia hizi glavu mpya..."

"Nimesema toka! Na usirudi!"

Akatoka. Nikavaa glavu, nikapima mwenyewe. Nilipochukua kalibu niipanguse, nikauona ule mto ulioharibika mezani. Katikati ulikuwa mkavu kabisa. Ulikuwa mbichi pale tu vidole vilipopapasa kalibu.

Mpira ukigusa kalibu, silikoni haikauki, na glavu hizo za mpira nilinunua mimi, Jumatatu, zile za plastiki zilipoisha. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikazivua, nikakimbia hadi langoni.

"Wekoye! Ni glavu. Tafadhali rudi."

Alisimama kidogo, akamtazama mwalimu kupitia mlangoni, kisha akarudi. Aliosha kalibu kwa spiriti, akavaa karatasi mbili za plastiki za mkate mikononi, akakoroga, akamimina. Povu likaanza kupanda polepole, likajaa hadi ukingoni, likatulia.

Baadaye mwalimu alivaa mguu wake, akatembea hadi mlangoni na kurudi, machozi yakimtoka.

"Emmy ataniona nikitembea," akasema.

"Nisamehe, Wekoye," nikasema. "Kesho tuanze saa mbili."

Wekoye alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

"Nimerudi juu ya mwalimu tu, madam," akasema, akachukua koti lake.