Mistari Mitatu ya Kazi Yangu

Nyumba ya kupangisha wageni wa siku mbili tatu ni ya mdogo wangu; anayeiendesha ni mimi. Miaka minne hatukuwa na mkataba. Sisi ni ndugu, karatasi za nini? Mpaka mwezi uliopita alipomwachisha kazi fundi bomba wetu wa siku zote kwa ujumbe wa simu, maneno sita tu. Nikaingiwa na hofu: na mimi je? Nikamwambia tuandikishiane, na kila mmoja aandike kazi za mwenzake.

Kumbe nilijipalia makaa. Mimi nilimjazia ukurasa mzima. Yeye alinipa mistari mitatu: kufagia, kubadili mashuka, kukabidhi funguo. Chini akaongeza: “Msaidizi anaweza kuondolewa wakati wowote.” Msaidizi! Mimi niliyembeba mgongoni hadi akaota meno! Damu ilinichemka. Niliikunja ile karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa shati lake, nikamwambia Jumamosi kazi afanye yeye, na asifanye hata moja isiyoandikwa humo.

Jumamosi wageni waliondoka saa nne, na wengine walitakiwa kuingia saa nane. Nilikaa kwenye ngazi, mikono nimeikunja. Alifagia. Akabadili mashuka, foronya akazivalisha kinyume. Nywele kwenye tundu la maji bafuni hakuzigusa. Mtungi wa gesi wa kuchemshia maji hakuuinua kuupima, kama ninavyofanya mimi kila wageni wakitoka.

Waliokuja ni mume na mke wenye mtoto mchanga. Akawakabidhi funguo huku meno yote nje. Haikupita nusu saa, mume akatoka mbio: mtoto ana povu mwili mzima na maji yamekuwa baridi. Mtungi wa akiba uko wapi? Mdogo wangu akafungua kabati la vyombo, akafungua la viatu. Yule baba akamuuliza kama kweli yeye ndiye mwenyeji.

Mdogo wangu akanigeukia.

“Mwenyeji ni huyu,” akasema.

Nilitoa mtungi nyuma ya mlango wa jikoni, nikaufunga, maji yakapata moto.

Alasiri tulikaa mezani. Nilitaja kazi zangu, akaandika mpaka karatasi ikajaa mbele na nyuma. Neno msaidizi akalikata, akaandika mwenyeji mwenza. Alipofika kwenye ule mstari wa mwisho, nikamshika mkono.

“Usije ukanifuta kwa simu kama fundi.”

Akaandika: taarifa ya miezi mitatu, ana kwa ana. Kalamu hakuiweka chini. Akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye karatasi, “Na wewe ukinichoka, dada?”

Miaka minne yote sikujua kwamba naye anaogopa. Nikachukua kalamu, nikaandika miezi mitatu upande wangu pia, ndipo nikatia saini.