Behewa la Tatu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, fundi wa tanuri la vigae alitoka nyumbani akiwa amemshika mama yake mkono. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mama alikuwa haoni tena kwa sababu ya mtoto wa jicho, na daktari wa upasuaji, ambaye huja mjini mara chache kwa mwaka, alikuwa akimsubiri saa mbili.

Stesheni, treni ya kwenda hospitali husimama jukwaa la kwanza. Fundi alivuka daraja, akashukia la pili kama kila siku ya kazi, akaingia behewa la tatu, akamkalisha mama dirishani. Kabla treni haijaondoka alikuwa amelala, kichwa wima, mfuko mapajani.

Mshona magunia anayekaa mkabala naye, ambaye ndiye humwamsha kila asubuhi wakifika kiwandani, alimgonga goti.

"Amka, bwana, tumefika. Leo mama naye anakuja kupiga kadi?"

Fundi akatazama nje. Bomba la moshi la kiwanda.

"Hii ndiyo hospitali?" mama aliuliza.

"Mama..."

"Nimekuuliza."

"Hapa ni kazini kwangu. Miguu imekuja yenyewe."

"Kipofu ni mimi au ni wewe? Tugeuze basi!"

Haikuwezekana. Treni ya abiria kurudi mjini hupita jioni, watu wakitoka kazini. Mchana reli ni ya mizigo, na mabasi hayafiki huko. Fundi akamvuta mama hadi getini kuomba gari la kiwanda. Msimamizi akamwona wa kwanza.

"Afadhali umekuja! Tanuri limegoma."

"Nipe gari, mzee. Mama anafanyiwa upasuaji saa mbili."

"Gari ni la mkurugenzi. Na wewe si umeshafika? Ingia, utalipwa ya ziada."

"Nimesema nina mgonjwa!" Sauti yake ilifika hadi ndani, watu wakageuka. "Miaka tisa sijakosa hata siku moja, unaninyima gari?"

"Wewe ndiye bosi wake?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Baki nayo. Mimi niliwapa mtu mwenye akili zake. Hebu tazameni mlichonirudishia."

Fundi alikuwa bado anafoka saa mbili king'ora cha kuanza kazi kilipolia. Akanyamaza katikati ya neno. Mama akasikia mkono wake unaachiliwa, kisha nyayo za mwanawe zinaingia getini pamoja na za wengine.

Mlinzi akamletea kiti.