Makaburi Kwenye Ramani ya Malisho

Mama yangu, Mukonyo, hanunui hata nyanya bila kuuliza imetoka shamba la nani. Kwa hivyo Bedan, afisa wa kaunti, alipofika kwetu Kitengela na hati ya malisho, nilimhurumia tangu alipovua kofia.

Alieleza vizuri. Serikali ingemlipa mama kila mwaka aache ekari zake kumi na mbili wazi, ng'ombe na nyumbu wapite. Shamba lingebaki lake. Ila asiweke ua, asijenge, asichimbe, na yeyote atakayelirithi au kulinunua angefungwa na hati hiyo milele.

"Kwa hivyo mnanilipa nisifanye kitu?"

"Ndio, mama."

"Na huyo nyumbu, nani alimwambia njia ni hii?"

Bedan alicheka, akakiri hajui. Maswali yaliendelea mpaka chai ikapoa.

"Mwaitu, tia sahihi basi," nikamsihi mama kwa Kikamba chetu. Mabroka wa ploti walikuwa wameanza kuwapigia kaka zangu simu, na niliogopa kaburi la baba lisije kuishia chini ya fleti ya mtu.

Alishika kalamu, akaiweka tena mezani. "Umesema kuchimba hapana. Na mimi nikikufa? Mzee wangu analala pale. Miaka tisa ananingoja."

Bedan aligeuza kurasa zote. Kaburi halikutajwa popote. Akapiga simu ofisini, akarudi akikuna shingo. "Wanasema inawezekana, lakini lazima kaburi lionyeshwe kwa ramani kabla ya sahihi. Mahali na ukubwa."

Mama akainuka, akaenda kaburini, akavua viatu na kulala chali kwenye nyasi, ubavuni mwa baba. "Haya, pima."

Bedan alinitazama nimwokoe. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Akafungua tepu, akapima, akaandika.

"Ngoja, hujamaliza." Mama alipiga nyasi za upande wa pili kwa kiganja. "Katee, kuja ulale hapa."

Nina miaka arobaini na minne, sijaolewa. Tangu tumzike baba, kaka zangu huniambia binti hana mahali kwenye shamba hili, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza mama yeye anaonaje.

"Lala apime. Ikiwa kwa ramani ya serikali, hao watakuondoa na nini?"

Nilivua viatu. Nyasi zilinichoma mgongoni. Bedan akaniuliza jina langu kamili, aliandike.